Uji wa Vimaua

Asubuhi ile niliondoka Misugusugu bila mpango. Sikugombana na mtu, sikufukuzwa chumbani, wala hakuna aliyenipigia simu. Niliamka tu nikasikia malori yakipanda kuelekea bara, nikagundua kwamba nimeyazoea kiasi cha kuyajua kwa mlio, na mimi nikishazoea kitu miguu huanza kuniwasha. Nikachemsha maji, nikajaza chupa ya chai, nikatoka kumkabidhi mwenye nyumba ufunguo wake. Alikuwa akifagia uwanja.

"Unakwenda wapi na mfungo huu, Tatu?"

"Sijui bado, mama."

"Hajui bado," akauambia ufagio. "Mwezi mtukufu wenzake wanatulia majumbani, yeye ndiyo anafunga begi."

Nikaipa mgongo barabara kuu, nikashika njia ya vumbi ya upande wa kusini, nikavuka reli. Kijana mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo akaenda sambamba nami.

"Dada, nikupeleke wapi?"

"Njia inakokwenda."

"Njia haiendi popote, dada. Jana nimeiacha hapa hapa, na leo nimeikuta." Akacheka peke yake, akaniachia vumbi lake, akapotea.

Jua lilipofika utosini nilikaa chini ya mkorosho kando ya shamba la mtu. Msafiri ana ruhusa yake, na siku hiyo nilijua nitailipa. Nikafungua begi nikatoa kifuko cha kitambaa chenye maua madogo ya bluu, ambacho mama alinitumia kutoka kijijini kwetu Masaki kwa mkono wa dereva. Nikamimina unga kikombeni, nikaumiminia maji ya moto, nikafunika kwa kifuniko cha chupa. Halafu nikainama kufungua kamba za viatu na kuzifunga upya, kwa sababu hivyo ndivyo uji ule unavyopimwa. Ukimaliza kufunga viatu vyote viwili bila haraka, umeiva.

Nilipofunua, ile harufu ya mahindi yaliyokaangwa na korosho na hiliki ilinipanda hadi machoni. Watu wengine harufu ya chakula huwaletea njaa. Hii huniletea Ramadhani moja ya zamani, na begi hili hili nililolilaza miguuni pangu, wakati ambapo bado halikuwa langu.

Nyumbani kwetu Masaki, upande wa Kisarawe, tuliuita unga wa njia. Aliyeuanzisha ni babu yangu mzaa mama, ambaye alikuwa mchoma mkaa. Mama alipenda kusema kwamba mchoma mkaa ana moto wa kutosha kuteketeza kijiji, lakini hana nafasi ya kukaa akoroge sufuria. Kwa hiyo uji wa babu ulipikwa nyumbani kabla hajaondoka, ukageuzwa kuwa unga tena. Muhogo mtamu ulichemshwa mpaka ukalainika, ukakatwa vipande vyembamba na kuanikwa kwenye ungo mpaka vikalia kama vigae ukivitikisa. Mahindi yaliyokobolewa yalikaangwa bila mafuta, taratibu, mpaka yakawa na rangi ya mchanga uliolowa. Korosho zilikaangwa mwisho. Vyote vikatwangwa, vikachekechwa, vikatiwa sukari, chumvi, hiliki na tangawizi kavu. Kila kitu humo kilikuwa kimeshaiva. Kilichobaki ni maji ya moto, na maji ya moto hata mvivu anaweza.

Kanuni ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote. Unga haufungwi ukiwa na joto. Ukiufunga una joto unatoka jasho, na unga uliotoka jasho hufanya madonge na kuchacha. Kazi ya kuupima joto ilikuwa yangu. Nilizamisha kiganja katikati ya lile lundo juu ya mkeka na kutulia kama daktari, huku mama akisubiri jibu.

Kazi yangu ya pili ilikuja na mwezi wa Ramadhani, nayo ndiyo niliyojivunia zaidi. Nilikuwa muonjaji. Kila jioni, futari ikikaribia kuiva, mama aliniita jikoni, akanidondoshea mchuzi kidogo kiganjani, akanitazama usoni.

"Vipi?"

"Chumvi kidogo."

Akaongeza chumvi. Mtu mzima, mama yangu mwenyewe, aliongeza chumvi kwa sababu mimi nimesema! Alijua kwamba mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini alisema ulimi wake haujawahi kujifunza kutema kitu kitamu. Mimi sikujua hayo. Niliamini kwamba nimezaliwa na ulimi wa aina yake, kwamba mama aliuona siku niliyozaliwa na amekuwa akiutunza kwa ajili ya mwezi huo. Nilikuwa nikiusugua kwa mswaki zaidi ya meno.

Watoto wenzangu wa chuoni, tulikosoma Kurani, hawakuiona hivyo. Kule kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, na walijua kinachotokea jikoni kwetu. Nikipita na juzuu yangu kwapani walijifanya wanarudisha shingo kwenye mabega.

"Kobe wa mama, leo umeonja nini?"

"Mwacheni, atatia kichwa ndani!"

Mwaka huo kulikuwa na jambo jingine nyumbani, nalo lilikaa nyuma ya mlango. Lilikuwa begi la rangi ya kahawia. Baba alikuwa ameshafariki, na shamba peke yake halikututosha. Mtu mmoja alimpatia mama kazi Dar es Salaam, kupika katika nyumba ya watu na kulala huko huko. Angekwenda baada ya Idi. Mimi ningepelekwa Kibuta kwa bibi. Nguo za mama zilikuwa zimeshaingia ndani ya lile begi, na kila akihitaji khanga alikwenda kuichomoa humo, kama mtu ambaye tayari anaishi ugenini ndani ya nyumba yake.

Ndipo akaja kaka Shomari. Alikuwa kijana wa Kisarawe mjini aliyewaongoza watu kutembea kwenye msitu wa vilimani. Walitoka Dar na mabegi makubwa mgongoni, wakalala kwenye mahema na kutembea kutwa, kwa hiari yao, jambo ambalo kijijini lilizungumzwa kwa sauti ya chini. Siku za nyuma aliwahi kunywa uji wetu. Siku hiyo alisimama uwanjani akakataa hata kukaa.

"Shikamoo, Mama Tatu. Nina watu wanatoka keshokutwa, na hao hawafungi. Mkate ukifika msituni umekuwa makombo. Mayai ndiyo usiseme. Wanataka asubuhi maji ya moto tu, wale, waondoke. Nikaukumbuka ule unga wako."

"Ule unga ni wa wachoma mkaa, Shomari."

"Mama, hao watu wanatembea jua kali na mizigo na hakuna anayewafukuza. Wana tofauti gani na wachoma mkaa?"

Mama akacheka. Shomari hakucheka. Alisema wakiupenda atauchukua kila safari, na waongozaji wenzake nao watauchukua. Hakuna aliyetamka neno Dar wala neno begi, lakini nilimwona mama akitazama nyuma ya mlango. Nikaelewa kwa akili yangu ndogo, na mara hiyo nilielewa sawasawa. Wakiupenda, mama anabaki. Wakiukataa, begi linatoka.

Kesho yake niliamka daku. Hakuna aliyeniamsha. Nilikaa mkekani, nikajivutia bakuli.

"Na wewe?" mama akauliza.

"Nafunga."

"Leo?"

"Leo."

Sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nimechoka kuitwa kobe, na nilidhani siku kubwa kama ile, siku ya kutengeneza unga wa kumbakisha mama, inahitaji mtu mzima ndani ya nyumba. Wawili ni bora kuliko mmoja. Sikufikiria kabisa kwamba hiyo ndiyo siku ambayo mtoto alihitajika kuliko mtu mzima.

Asubuhi mama alitoa muhogo mkavu wa akiba, akakaanga mahindi na korosho, akatwanga, akachekecha mara mbili kwa ajili ya makoo ya watu wa mjini. Alitia sukari, akatia chumvi, akatia hiliki. Kisha akachota kidogo kwenye kikombe, akatia maji ya moto, akaniita.

"Tatu, njoo uonje."

"Nimefunga, mama."

Alibaki na kijiko mkononi. Angeweza kuniambia kwamba funga ya mtoto wa umri wangu si lazima, na ni kweli. Angeweza kunionyesha begi. Alinitazama, midomo yangu mikavu na uso niliokuwa nimeukaza, akaweka kijiko chini.

"Basi Mungu akutakabalie. Kamwite Mama Kulwa."

Mama Kulwa alikuwa jirani yetu mpya, mwanamke wa Kisukuma aliyekuja na mume wake na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mipaka ya mashamba na kwato za ng'ombe ilikuwa imewafanya watu wengi wasalimiane nao kwa mbali. Mama yeye alibadilishana nao, muhogo kwa maziwa, na mdomo wake akaufunga. Mama Kulwa hakufunga Ramadhani. Aliingia, akakaa, akapewa kikombe, akanywa chote.

"Vipi?" mama akauliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniuliza mimi.

"Chumvi kidogo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Yalikuwa maneno yangu. Na mama akaongeza chumvi, vile vile tu alivyokuwa akiongeza kwa ajili yangu. Kumbe haukuwa ulimi wangu. Kumbe ulimi wowote usiofunga ungefaa!

"Lete tena nione," Mama Kulwa akasema. Akanywa. "Bado, sukari. Lete tena." Akanywa. "Ninyi watu wa Pwani mna mambo. Mnapika uji mnaukausha, halafu mnaulowesha tena. Lete tena."

"Mama Kulwa, unaonja au unashiba?"

"Nikishiba ndiyo nitajua kama unashibisha, mwenzangu. Hao watu si wanapanda milima?"

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Unga ulikuwa umekaa sawa. Nikazamisha kiganja kwenye lundo, nikasema bado una joto, tukasubiri, nikazamisha tena, nikasema tayari. Angalau kiganja kilikuwa kimebaki changu. Mama akaleta mifuko ya kaki aliyoinunua dukani jana yake, mipya, akaanza kuikunjua.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka maduka yale. Sukari ilipimwa hapa, na hatua mbili pembeni pampu ya mafuta ya taa ikijaza chupa za vibatari, na mkono wa muuzaji ulikuwa mmoja. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, na aliyewahi kufunga utotoni anajua njaa inavyoifungua pua. Siku hiyo nilisikia harufu ya majani, harufu ya kuku, harufu ya maziwa kwenye nguo ya Mama Kulwa. Na mama alipokunjua mfuko wa kwanza, nilisikia kibatari.

"Mama, mifuko inanuka taa."

Mama akaingiza pua ndani ya mfuko. "Mimi sisikii."

Asingeweza kusikia. Alikuwa kwenye moshi tangu asubuhi, pua yake imejaa mahindi. Mama Kulwa naye akanusa, akatikisa kichwa. Wakanitazama wote wawili, mtoto aliyefunga kwa mara ya kwanza, anayeyumba kwa njaa.

"Inanuka," nikasema. "Yote."

Mama hakunibishia. Alitia unga kidogo ndani ya mfuko mmoja, akakunja mdomo wake, akauweka juani. Tukakaa. Kivuli cha paa kiliposogea alifungua, akakoroga unga ule kwa maji ya moto, akampa Mama Kulwa. Alinywa kidogo, akainuka, akatema hadi nje ya uwanja.

"Taa! Mmeninywesha taa!" Akajifuta mdomo, akanigeukia, akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Mtoto huyu ana pua ya mbwa wa machungani!"

Mama akakunja uso. Kwetu huwezi kumwita mtoto wa mtu mbwa ukabaki salama, tena mwezi wa Ramadhani. Lakini uso wa Mama Kulwa uling'aa kwa sifa aliyoitoa, na alikuwa ametoa sifa kubwa kuliko zote anazozijua mfugaji. Mama akaona hivyo, akaachia kicheko.

"Haya," akasema, "mbwa wangu kaniokoa. Sasa unga tunautia wapi?"

Shomari angepita alasiri. Duka lilikuwa lile lile moja. Chupa za Mama Kulwa zilinuka maziwa. Mama aliingia ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa, na alipotoka alikuwa amekumbatia kitambaa cheupe chenye maua madogo ya bluu. Nilikijua. Kilikuwa gauni langu la Idi, ambalo fundi alikuwa bado hajaanza kulishona. Akakaa nacho mapajani, mkasi pembeni. Alikuwa amekipapasa mara nyingi mno, hakuweza kukikata bila ruhusa yangu.

"Kata, mama."

"Una hakika?"

"Kata."

Alikata. Mama Kulwa akaleta sindano yake ya kushonea magunia na nyingine ndogo, wakashona vifuko kwa mkono, na mimi nikajaza unga, nikakaza kamba. Midomo ilikuwa imenipasuka. Mama alinyoosha mkono akanigusa shavu, akasema kwa sauti ndogo, "Ulimi tunaweza kuazima. Hiyo pua hatukuipata kwa jirani."

Shomari alipofika alichukua kifuko kimoja akakigeuzageuza.

"Mama Tatu, huu ni unga au ni mahari?"

"Chukua uende. Waambie wamimine maji ya moto, wafunike, wafunge viatu. Wakimaliza kufunga viatu wanywe."

Magharibi ilipoadhiniwa, mama alinipa mimi tende kabla ya kula yake. Nilikuwa nimemaliza siku nzima. Kesho yake nilikwenda chuoni na shingo ndefu, na hakuna aliyeniita kobe. Hata wangeniita, nisingesikia.

Siku za kumsubiri Shomari zilikuwa ndefu. Mama hakuchomoa nguo kwenye begi wala hakutia nyingine. Alipotokea hatimaye, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu, tulisimama wote watatu, mama, mimi na Mama Kulwa aliyekuwa ameleta maziwa na hakutaka kuondoka.

"Wamekunywa?" mama akauliza.

"Wamekunywa. Ila kulikuwa na tatizo."

"Tatizo gani?"

"Mmoja alikuja na ndala. Akaniuliza, kaka, mimi nisiye na kamba nitajuaje umeiva? Ikabidi amfungie mwenzake viatu."

Mama Kulwa alijipiga mapaja. Mama alisubiri, hakucheka. Shomari akaacha utani. Akasema vifuko vilivyobaki waligawana wakaenda navyo mjini. Akasema wameulizia ule uji wa vimaua kama unapatikana hata kwa mtu asiyetembea. Akasema safari ijayo anataka vingi zaidi, na wenzake wawili nao wanataka, na kitambaa kiwe kile kile.

Mama aliingia ndani, akalitoa begi nyuma ya mlango, akafungua zipu, akatoa nguo zake moja moja na kuzitundika kwenye kamba ya uani, ingawa zilikuwa safi. Ndiyo siku pekee niliyomwona akilia, huku akibana vibanio.

Idi ile nilivaa gauni la mwaka uliopita lililonibana kwapani, nikatembea kijiji kizima. Wenzangu walikuwa na nguo mpya miilini. Yangu ilikuwa msituni, migongoni mwa watu nisiowajua, ikipanda vilima nisivyowahi kuviona. Nilijaribu kuwaza kitambaa changu kimelala wapi usiku huo, kimeamkia wapi, kimeona nini. Nadhani miguu yangu ilianza pale. Baadaye, nilipokuwa kidato cha pili na dirisha limeshakuwa kubwa kuliko ubao, niliacha shule nikaenda kuangalia mwenyewe. Mama hakunipiga. Alilifuta begi vumbi, akaweka vifuko viwili ndani, akasema, "Lilikuwa limeshafungwa kwa safari. Na hii safari ilibaki inamsubiri mtu."

Ndilo nililoliinua chini ya ule mkorosho, kikombe kikiwa kitupu, nikaendelea mbele.

Jua lilikuwa limeinama nilipoingia kijiji nisichokijua. Wavulana waliokuwa wakisukuma baiskeli yenye madumu ya maji walinielekeza kwenye nyumba yenye vyumba vya kupangisha nyuma ya mashine ya kusaga. Uwanjani mwanamke wa makamo alikuwa amekaa mbele ya sufuria kubwa ya mihogo ya nazi, mwiko mkononi, uso wa mtu mwenye mashaka.

"Shikamoo, mama. Naulizia chumba."

"Marahaba. Chumba kipo." Alinitazama viatu, akanitazama begi. "Umetoka mbali. Umefunga?"

"Leo hapana, mama. Nipo safarini, nitailipa."

Akasimama ghafla kiasi kwamba mwiko ulidondosha nazi mchangani.

"Alhamdulillahi! Nyumba nzima imefunga, hata paka. Njoo, njoo hapa, mwanangu. Tangu alasiri ninaitazama sufuria hii na yenyewe inanitazama."

Nikanawa. Nikatoa kiganja, akanidondoshea mchuzi, mzito, wa moto, akaniangalia usoni na kusubiri. Sikuharakisha. Niliunusa kwanza, kisha nikaonja.

"Vipi?" akauliza.

"Chumvi kidogo."

Akaongeza chumvi.

"Haya, kaweke begi lako ndani, mlango wa pili," akasema, akikoroga. "Kisha urudi uonje tena."